Usimsalimu Mshika Kamba

Neema, binti aliyekabidhiwa kabati langu nilipostaafu, alinipigia simu wiki mbili zilizopita kuniuliza boya la bendera linatengenezwaje. Lile la plastiki waliloletewa limepasuka, jipya litachukua miezi kufika, na wazamiaji wanaokuja kusafisha chujio la lambo moja huko Handeni wamesema hawaingii majini bila bendera. Nikaanza kumweleza. Nilipofika kwenye mlingoti wa mkonge akanikatiza, "Mama Salome, mlingoti ndiyo nini?" Nikaona afadhali niandike.

Basi naandika, na kwa kuwa kalamu haili vocha, nitaandika na mengine. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vyenyewe vilikuwa viwili, na mshahara kila mmoja wenu anaujua wa kwake. Nitaandika habari za kamba, za boya, na za mtu mmoja anayeitwa Hatibu, ambaye siku haipiti bila mimi kumkumbuka.

Mimi sikuajiriwa kwa ajili ya kuingia malamboni. Niliajiriwa stoo. Idara yetu ya maji pale Korogwe ilikuwa na stoo ndefu yenye bati linalovuja, na kazi yangu ilikuwa kuhesabu mabomba, koki na viungio, na kumnyima fundi asiye na karatasi. Kazi hiyo niliipenda. Kitu ulichokiacha jioni ulikikuta asubuhi, isipokuwa gundi. Kama mngeniuliza wakati ule nataka nini maishani, ningewaambia nataka rafu za chuma badala ya zile za mbao.

Asubuhi moja tukaambiwa msaidizi wa mzamiaji amelazwa kwa malaria. Mkuu wetu akaingia stoo, akatazama huku na huku, akaniona mimi ndiye peke yangu niliyesimama. "Utakwenda Handeni na Hatibu," akasema. "Ni kushika kamba tu. Mwezi mmoja, mpaka mwenzake apone." Nikamwuliza kamba ya nini. Akasema nitaiona.

Hatibu alikuwa Mzigua wa Handeni, mfupi, mwenye kifua kipana, amenizidi kama miaka kumi. Kuzamia alijifunzia bandarini akiwa kijana, akikwangua meli kwa chini, kisha akaoa, akarudi bara ambako maji yenyewe ni ya kutafuta. Watu walimtania kwa hilo. Mzamiaji wa Handeni, walisema, ni kama muuza makoti wa Tanga mjini. Yeye alijibu kwamba mwenye koti moja na mteja mmoja hana ushindani.

Na mteja alikuwepo. Malambo ya kule yanachimbwa kwa ajili ya watu na mifugo, na chini kabisa kuna mdomo wa bomba uliofunikwa na chujio la waya. Chujio likiziba kwa tope, majani na mifuko ya plastiki, kijiji kizima kinakosa maji huku lambo limejaa. Huwezi kulikausha lambo wakati wa kiangazi ili ufikie chujio, maana ukishalikausha watu watakunywa nini. Ndiyo hapo anapoingia mtu mwenye mtungi wa hewa mgongoni. Maji ni kama chai ya maziwa. Ukizamisha mkono hadi kiwiko huoni vidole. Hatibu alifanya kazi yote kwa kupapasa, kamba moja imefungwa kiunoni mwake, na ncha ya pili mikononi mwa mtu aliyesimama ukingoni.

Siku ile ya kwanza mtu huyo nilikuwa mimi, nimevaa sketi ya ofisini na viatu vya kukopa. Akanifundisha kwa dakika tano. Mvuto mmoja, niko salama. Miwili, niongezee kamba. Mitatu, nipandishe. "Minne au zaidi," akasema, "usihesabu tena. Vuta kwa nguvu zako zote na upige kelele watu waje."

"Nimeelewa," nikasema.

"Bado. Kamba ikiwa mikononi mwako huna mdomo, huna macho, huna jirani. Una mikono tu."

Nilidhani ananitisha kwa sababu mimi ni mwanamke wa stoo. Akaingia majini, mapovu yakatokea, kisha hata mapovu sikuyaona kwa sababu ya upepo. Kilichobaki ni ile kamba. Sijui niwaelezeje ninyi vijana wa idara mnaotazama picha za kamera kwenye kioo. Baada ya wiki moja nilijua kwa viganja vyangu akiwa amepiga goti, akiwa anakwangua, akiwa amesimama kupumzika. Nilijua akikasirika na waya ulioshika kutu. Hakuna barua niliyowahi kuisoma kwa makini namna ile, na nilipoirudisha kamba garini jioni nilihisi mikono yangu haina kazi.

Sasa nifike pale ambapo ningependa kupapita haraka. Ilikuwa wiki ya tatu, kwenye lambo moja mbele ya Handeni. Hatibu alikuwa chini kwa muda mrefu, na kamba ilikuwa imetulia, nikadhani anapumzika. Akaja bibi mmoja na ndoo yake kuchota, jina lake Bibi Mwanaidi, mtu mzima sana. Alipofika karibu akasimama. Alisimama tu kunisubiri, kama anavyosimama mtu mzima anayejua haki yake.

Lazima nieleze nilikolelewa. Babu yangu alikuja na manamba, vibarua wa mkataba, kutoka Njombe kukata mkonge, akabaki, na kwenye kambi tulizokulia kulikuwa na watu wa kila kabila ambao hawakukubaliana juu ya kitu chochote isipokuwa kimoja: mtoto anayempita mtu mzima bila shikamoo hana kwao. Nilichapwa kwa jambo hilo mara moja tu, na mara moja ilitosha. Na shikamoo ya kutoa ukiwa umempa mtu mgongo, mkono mmoja una shughuli nyingine, hiyo si salamu, ni tusi.

Nikageuka. Nikakunja goti. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo bibi."

"Watoto hawajambo? Na wa Korogwe? Mvua imewafikia huko?"

Mnajua salamu za Handeni. Ukidhani zimekwisha, zinaanza upande wa pili. Mkono wangu mmoja ulikuwa umeachia kamba kabla sijajua umeachia. Tuliongea muda wa kujaza ndoo na kujitwika, maana nilimtwisha pia. Nilipogeuka, kamba ilikuwa inaelea juu ya maji imelegea. Nikaivuta. Ikaja yote, nyepesi, na mwisho wake ulikuwa umekatwa kwa kisu.

Sikupiga kelele. Bibi Mwanaidi ndiye aliyepiga.

Hatibu akaibukia mbali, karibu na ukingo wa pili, hana mtungi, hana miwani, damu inamtoka puani na kwenye sikio la kulia. Akatambaa juu ya tope, akakaa. Tulimkimbilia wote wawili, na bibi alifika karibu sawa na mimi. Hatibu akatutazama kwa zamu, akavuta pumzi, akasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu," bibi akasema. "Pole."

Njiani kurudi Korogwe aliendesha mwenyewe. Alikuwa amekwisha kunieleza jambo moja tu, kwamba alinasa kwenye wavu wa samaki uliotupwa mle lamboni, akajinasua kwa kisu akatoka. Tulipokaribia mjini nikajikaza nikamwuliza, "Ulinivutia kamba?" Hakusikia, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akabadilisha gia.

"Umelelewa vizuri," akasema. "Hilo ndilo lililotuponza."

Sikuhitaji jibu jingine. Hospitali wakasema ngoma ya sikio la kulia imepasuka, na kweli sikio lile halikurudi. Kuanzia siku hiyo nilizoea kutembea kushoto kwake. Nilizoea hivyo kiasi kwamba mpaka leo nikitembea na mtu yeyote najikuta nimezunguka kwenda kushoto, na wajukuu wananicheka.

Mwezi ukaisha, yule msaidizi akapona, nikaambiwa nirudi stoo. Hapo ndipo nilipokwenda kwa mkuu nikamwomba nibaki na kamba. Alinishangaa, maana alijua nilivyoipenda stoo yangu. Nikamwambia nimezoea hewa ya nje. Ulikuwa uongo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemnyang'anya mtu sikio, na nilijiapia kwamba kamba ile haitashikwa na mtu mwingine mpaka nimrudishe Hatibu kwa mkewe mzima siku atakayoacha kazi. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu kila asubuhi niliyoamka kwenda lamboni. Wengine walikuwa na malengo ya kazi. Mimi nilikuwa na hilo.

Wazo la bendera lilikuwa la Hatibu. Alisema bandarini mzamiaji akiwa chini huwekwa juu ya maji bendera nyekundu yenye mstari mweupe wa kukatiza kutoka kona hadi kona, ili vyombo vikae mbali. "Hapa hakuna vyombo," nikamwambia. "Kuna salamu," akasema. "Watu hawanioni mimi. Wanaona mwanamke amesimama na kamba kama anasubiri ng'ombe anywe. Nani ataacha kumsalimia?"

Neema, hapa ndipo usome polepole. Mlingoti ni ule mti mrefu unaochomoza katikati ya mkonge ukizeeka, wenye maua juu. Ukikauka ni mwepesi, mtoto anaubeba kwa mkono mmoja. Sisi wa kambini tuliutumia kujengea mabanda ya kuku. Nenda kwenye mashamba yaliyoachwa, omba ruhusa, chagua uliokaukia ukiwa umesimama. Ulioanguka umeshakunywa maji na mchwa wamehamia. Kata vipande vitatu vya urefu wa mkono kuanzia kwapani. Vipange kuuzunguka mwanzi ulionyooka, uvifunge juu na chini kwa kamba ya katani, na uifunge ikiwa kavu, kwa sababu ikilowa inakaza yenyewe.

La kwanza tulilitengeneza uani kwangu Kwamndolwa, tukaenda kulijaribu kwenye lambo dogo huko Makuyuni. Lilisimama kidogo kwa adabu, kisha likalala ubavu, bendera ndani ya maji. Hatibu akasema hilo ni boya la mtu aliyekwisha kufa. La pili tukalifungia jembe bovu kwenye ncha ya chini ya mwanzi ili uzito ulisimamishe. Likasimama vizuri, ila baada ya saa moja milingoti ikawa imelewa maji, na boya likaanza kushuka taratibu huku limenyooka kwa heshima zote. Kumbe ncha zilizokatwa lazima uzizibe kwa lami, halafu upake rangi ya mafuta mara tatu, kila moja ikauke. La tatu lilielea kutwa, lakini hakukuwa na upepo, bendera ikaning'inia kama kitambaa cha kufutia vyombo. Fundi cherehani mmoja wa Masuguru ndiye aliyetuokoa. Alichomoa ubavu wa mwavuli mbovu akaushonea kwenye pindo la juu la bendera, nayo ikabaki imetanda hata hewa ikiwa imelala.

Bendera yenyewe ilikuwa kipande cha shuka jekundu la wafugaji, na mstari mweupe ulitoka kwenye kiroba cha unga. Fundi hakuangalia upande wa maandishi, kwa hiyo kwa miaka miwili bendera yetu ya hatari ilisomeka SEMBE.

Na kamba ndogo inayomwunganisha mzamiaji na boya, ifunge chini, karibu na jembe. Ukiifunga juu, kila akisogea anaiangusha bendera. Mwanzi ubaki wa kutosha chini ya maji. Ni kiasi gani cha kutosha nimesahau, na kipimo hicho nitakitafuta.

Siku ya kwanza tulipoliweka kwenye lambo la watu, kitambaa chekundu na cheupe juu ya mti, watu wakakaa mbali mpaka nikafurahi. Nilifurahi mapema. Tulipomaliza tukakuta yai limewekwa ukingoni kwa uangalifu, na baba mmoja akanisogelea kuniuliza kama naangalia na miguu, maana wa kwake unawaka moto kila jioni. Walituona waganga. "Mwambie tunatibu mabomba tu," Hatibu akasema.

Ikabidi tuitishe mkutano. Mwenyekiti wa kijiji alitupa nafasi baada ya mambo ya shule, nikasimama mbele ya wazee ambao wengine walikuwa na umri wa babu yangu, nikawaambia kwamba ile bendera ikiwa juu ya maji, naomba wasinisalimu, na mimi sitawasalimu. Nilisikia ubaridi ukipita. Mzee mmoja akasimama. "Mama, mimi mkwe wangu anachota maji pale. Akizoea kupita kimya lamboni, kesho atanipita kimya nyumbani kwangu. Nitamwambia nini?"

Nadhani hata Hatibu aliona hilo ni swali la haki. Aliyesimama kujibu alikuwa Bibi Mwanaidi, na sikujua kama yumo humo.

"Mimi ndiye niliyesimama kungoja salamu siku ile," akasema. "Mnamwona huyu kijana wenu sikio lake? Basi bendera ikiwa juu, tutakaa chini tusubiri. Ikishuka, atakuja atusalimie, mmoja mmoja, hata tukiwa wangapi. Kwani nani hapa ana haraka?"

Ndivyo ilivyokuwa, na ikasambaa kijiji hadi kijiji bila sisi kuitisha mkutano mwingine. Watu waliokuja kuchota au kunywesha mifugo walikaa ukingoni, mbali kidogo, wamenyamaza. Hata Wamasai waliwazuia ng'ombe wao mbali na upande wetu. Nyuma yangu kulikuwa na watu kumi, kumi na tano, ishirini, na hakuna aliyefungua kinywa. Nilikuwa nasikia mbuzi akitafuna. Kisha Hatibu akiibuka, bendera ikalazwa, nilikunja kamba, nikanawa mikono, nikaanza kupita. Shikamoo bibi. Shikamoo babu. Habari za nyumbani, mama. Mara nyingine salamu zilichukua muda mrefu kuliko kuzamia, na Hatibu alikaa juu ya mtungi wake akinisubiri, akijikausha jua, akicheka kimoyomoyo.

Hicho ndicho ninachokitamani, kama mnataka kujua. Watu huniuliza kama naikumbuka ofisi. Ofisi siikumbuki. Nautamani ule ukimya, umati wote ule ukikaa kimya kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hawamwoni. Naitamani ile kamba kiganjani, mvuto mmoja mfupi kutoka chini, niko salama, na mimi kumjibu mmoja, nipo. Nimeamka mara nyingi tangu nistaafu nimekunja vidole. Naona aibu kidogo kuliandika jambo hili, lakini hakuna mwingine wa kuniandikia.

Watu waliuliza kama mimi na Hatibu tulikuwa na jambo letu. Hatukuwa nalo. Alikuwa na mkewe, Mama Rehema, aliyekuwa akinifungia mihogo ya kuchemsha kila tukienda upande wa kwao. Tulikuwa na kamba tu. Lakini nimekaa na ndugu wa tumbo moja kwa miaka mingi bila kujua wanachofikiri, na mtu yule nilimjua akiwa chini ya maji bila kumwona.

Tulifanya hivyo miaka kumi na saba. Tulitoa chini ndala, sufuria, na mara moja redio iliyofungwa kwenye mfuko kwa usalama, ambayo mwenyewe hakujitokeza. Mara mbili alinivutia minne, na mara zote mbili nilikuwa nimemfikisha juu kabla hajamaliza wa nne. Mto wenyewe, Pangani, alikataa kuuingia hata mkuu alipombembeleza. Alisema mamba hawasomi bendera.

Kisha daktari akamkataza, kwa sababu ya sikio la pili. Siku ya mwisho ilikuwa lambo la kawaida, chujio la kawaida, nusu saa. Nilimsindikiza mpaka mlangoni kwake Handeni, nikamkabidhi kwa Mama Rehema, mzima. Nikarudi Korogwe nikijiambia kwamba nimemaliza nililojiapia. Nilitegemea kujisikia mwepesi. Sikujisikia hivyo. Nililia kuanzia stendi ya Handeni, na kondakta akanirudishia chenji zaidi kwa huruma, nikamrudishia.

Baadaye nikawashikia kamba vijana waliokuja kwa mkataba, wazuri, wana vifaa vyao na boya lao la plastiki la njano. Niliwashikia vizuri. Lakini kamba zao sikuzisoma, nilizishika tu. Halafu ikaja kamera inayoshushwa kwa waya, nikawa nasimama nyuma ya mtu anayetazama kioo, na mwezi wa sita nikakabidhi funguo za kabati.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo. Nikaona kile kipimo cha mwanzi kimebaki wazi, na Neema anasubiri, na simu Hatibu hasikii. Basi juzi nikapanda gari asubuhi kwenda Handeni kumwuliza mwenyewe. Niliyoyaandika hapo juu sitayafuta, yasomeni kama nilivyokuwa nikiyajua.

Nilimkuta barazani anachambua mbegu za mahindi. Amezeeka, mabega yameshuka, ila mikono ni ile ile. Mama Rehema akaleta chai. Nikakaa upande wake wa kushoto, nikamwuliza kwa sauti juu ya mwanzi. Akaonyesha kwa mikono: chini ya maji uwe sawa na juu ya maji. Ndiyo hicho, Neema, sawa kwa sawa. Nikakiandika.

Nikamwambia naandika pia habari za siku ile ya Bibi Mwanaidi, ili vijana wajifunze kwa kosa langu. Nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia kwa mdomo miaka yote ile. "Nisamehe, kaka Hatibu. Kwa lile sikio."

Akaacha kuchambua. Mama Rehema, aliyekuwa anamimina chai, akaweka birika chini. "Mwambie," akasema. "Ulisema utamwambia akistaafu. Ameshastaafu."

Hatibu aliyatazama mahindi yake. Sauti yake siku hizi ni kubwa, kama ya watu wote wasiosikia, kwa hiyo nadhani hata majirani walisikia.

"Sikukuvutia kamba," akasema.

Nilidhani hakunisikia vizuri. Nikarudia nililosema.

"Siku ile. Sikuvuta hata mara moja. Wavu uliponishika niliingiwa na hofu, dada Salome, mimi niliyezamia chini ya meli. Nikatoa kisu nikakata kila kitu kilichonigusa, na kitu cha kwanza kukata kilikuwa kamba yako. Nilipigana na ule wavu muda mrefu; bibi alipofika hapo juu, ulikuwa umeshika kamba isiyo na mtu."

Mama Rehema alikuwa ananitazama mimi, hakumtazama yeye. Nikamwuliza kwa nini aliniacha nibebe mzigo huo miaka yote. Nilikasirika, siwezi kuwaficha. Nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama. Nikamwambia angeniambia mle mle garini, nilipomwuliza, nikamkumbusha na maneno yake mwenyewe ya kulelewa vizuri.

"Nilitaka kukuambia," akasema. "Siku ya kwanza niliona aibu. Ya pili nikaogopa wataninyima kazi. Mwezi ulipoisha mkuu akaniita, akaniambia mtu wa stoo amekataa kurudi stoo."

"Basi ungeniambia hapo."

"Ungerudi."

Nikakaa. Mama Rehema akanisogezea kikombe, akaongeza sukari bila kuniuliza. Ni kweli, ningerudi. Ningerudi wiki ile ile, kwa furaha, nikahesabu koki mpaka mwezi wa sita mwaka huu, na leo ningekuwa mstaafu asiye na kitu cha kukitamani.